Mita za umeme: wenye hisa na wenye fremu waulize

Novemba 24, 2024 ilikuwa siku ya mwisho ya kubadilisha ufunguo wa mita za umeme wa kulipia kabla zinazofuata mfumo wa kimataifa wa STS, LUKU zikiwamo. Wateja wa Tanzania na Kenya walipewa tarakimu 60 badala ya 20, wakaziingiza kwa mafungu matatu huku wengi wakinung'unika, na suala likasahauliwa. Kwa wafanyabiashara, suala hilo halijafungwa.

Chanzo chake kilikuwa hesabu. Kila tokeni hubeba muda ilipotolewa, unaohesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993. Nafasi iliyotengwa ilitosha dakika 16,777,216 tu, yaani karibu miaka 32. Mita hukumbuka tokeni zilizotumika ili moja isiingizwe mara mbili. Hesabu ikirudi sifuri, tokeni halali ingeonekana kuukuu na kukataliwa. Na kwa kuwa mita nyingi za aina hii hazina mawasiliano na ofisi, aliyeweza kuzirekebisha kwa wingi ni mteja mwenyewe, kwa kidole chake. (Hesabu mpya, inayoanzia 2014, nayo itajaa mwaka 2045.)

Mita isiyonunua umeme haikubadilishwa, na hapo ndipo penye fedha. Eskom ya Afrika Kusini ilifika siku ya mwisho ikiwa na zaidi ya mita milioni 1 zenye ufunguo wa zamani, nyingi zikiwa za watu ambao hawakuwa wakinunua umeme kabisa. Kazi ya mafundi ikageuka kuwa ukaguzi wa wizi, tena wa bei nafuu. Orodha hiyo ina thamani kuliko msako wa nyumba kwa nyumba, hasa ikisomwa pamoja na mwenendo wa manunuzi: mashine ya kusaga inayonunua yuniti za chumba kimoja inajitaja yenyewe.

Kenya Power, ambayo hisa zake huuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, imeripoti katika miaka ya karibuni upotevu wa umeme unaozidi asilimia 20. Mwenye hisa anayekwenda mkutano mkuu kuuliza gawio peke yake ameacha swali kubwa mezani: mita ngapi hazikubadilishwa, na nani amezitembelea?

Mpangaji wa fremu naye ana lake. Mita ndogo ambazo wenye nyumba huzifunga kugawanya umeme kwa wapangaji hutegemea muuzaji wake kwa tokeni na ufunguo. Muuzaji akiwa amefunga duka bila kutoa ufunguo mpya, mita ni pambo la ukutani. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, mpangaji anunue umeme kidogo, auingize mbele ya mwenye fremu, kisha ndipo wazungumze bei.