Mtandio wa Bilqis

Juma hili twamzungumzia binti wa Kiislamu ambaye kazi aliyoitamani ilifungwa kabla hajaianza. Bilqis Abdul-Qaadir alizaliwa mwaka 1990 mjini Springfield, Marekani, mji ule ule ulikobuniwa mpira wa kikapu mwaka 1891. Hakujaaliwa kimo kirefu. Nafasi yake uwanjani ilikuwa ya yule anayeupandisha mpira na kuamua ni nani kati ya wenziwe apewe, na wakati gani. Hata hivyo, alipomaliza shule ya sekondari alikuwa amefunga pointi 3,070, idadi ambayo hakuna mvulana wala msichana aliyekuwa ameifikia katika jimbo zima la Massachusetts.

Akiwa Chuo Kikuu cha Memphis aliumia goti, akapona, na mwaka 2010 akawa wa kwanza kuvaa hijabu katika daraja la juu la mashindano ya vyuo vikuu Marekani. Mikono na miguu yake ilistirika chini ya jezi, na mchezo haukuharibika.

Mwaka 2014 alihitimu masomo akitaraji kucheza kwa malipo Ulaya. Hapo ndipo alipokutana na kanuni ya shirikisho la kimataifa, FIBA: kichwani hakuruhusiwi ila utepe usiozidi sentimita 5 kwa upana. Sababu iliyotajwa ni usalama. Mwaka huo huo wanawake wa Qatar waliitwa wavue mitandio katika Michezo ya Asia huko Incheon, wakajitoa.

Bilqis amekiri hadharani kwamba aliwahi kufikiria kuivua hijabu yake ili acheze. Kukiri huko twakuthamini kuliko zile pointi. Sisi wazazi twapenda kusimulia habari za mabinti wasioyumba kamwe, kisha twashangaa kwa nini mwana aliye chumbani, naye ameyumba, hatuambii neno.

Hakuivua. Alifundisha michezo katika shule ya Kiislamu Memphis, na pamoja na wengine akaendelea kudai kanuni ibadilishwe. FIBA iliibadilisha Mei 2017, ikaanza kutumika Oktoba. Yeye alikuwa na umri wa miaka 26, na miaka mitatu ya nguvu zake ilikuwa imepita. Waliomfuata huingia uwanjani na mitandio yao. Yeye hajacheza hata mchezo mmoja wa malipo.