UCHAMBUZI: Kabla ya kuuza ng'ombe, uliza cheti cha mvinyo kitakufikisha wapi

KILA matokeo ya KCSE yanapotangazwa, wazazi wa Kitale na Bungoma hukabiliwa na swali lile lile: kijana asomee nini, na karo itoke wapi? Kwa anayetamani kuwa somelia, yaani mtaalamu anayewashauri wateja wa hoteli kuhusu mvinyo unaofaa chakula chao, swali hilo ni zito zaidi kwa kuwa vyeti vinavyotajika sana hutolewa na mashirika ya kigeni.

Shirika la Wine & Spirit Education Trust, maarufu kama WSET, lilianzishwa jijini London mwaka wa 1969. Mafunzo yake ya mvinyo yana viwango 4. Cha kwanza huweza kukamilika kwa siku moja, ilhali cha nne ni stashahada. Court of Master Sommeliers nayo ina hatua 4. Tofauti ni kwamba WSET hupima hasa maarifa na uonjaji, huku Court ikipima pia jinsi mtahiniwa anavyomhudumia mteja mezani.

Tofauti hiyo si ndogo. Cheti cha siku moja hakimfanyi mtu somelia, na mwajiri hutaka mtu aliyezoea kuhudumu. Kwa hivyo, njia ya busara ni kuanza na masomo ya hoteli nchini, iwe katika taasisi za kiufundi zilizo karibu au Kenya Utalii College jijini Nairobi, iliyofunguliwa 1975. Baada ya kupata kazi, kijana anaweza kujilipia mitihani ya kimataifa, hatua kwa hatua.

Hata hivyo, ulimi uliofunzwa una soko jingine karibu na nyumbani. Mvinyo mwingi unaonywewa Kenya huagizwa kutoka ng'ambo, lakini kahawa ya Arabika hukuzwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia. Waonjaji ndio huipa alama, na inayofikisha 80 kati ya 100 huhesabiwa kuwa ya kiwango maalumu. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, hufunza teknolojia ya kahawa. Chama cha ushirika chenye mwonjaji wake hukadiria ubora wa kahawa yake kabla haijafika mnadani. Kisicho naye hutegemea neno la wengine.

Njia yoyote itakayochaguliwa, mzazi hana budi kuthibitisha kwamba taasisi ya kiufundi imesajiliwa na mamlaka ya TVETA, na kuwauliza waajiri wanathamini cheti kipi. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Katika suala la karo, asiyeuliza hupoteza na ng'ombe pia.