Anayeanguka Badala ya Steringi

Sinema ya mapigano ikioneshwa usiku katika nyumba za Kigobe, mtaa wa Bujumbura wenye jumba la Bunge, si ajabu kesho yake kumkuta mtoto juu ya ukuta akijipima kuruka. Steringi hafi, ndivyo wasemavyo vijana. Kwa hakika, mara nyingi hata haanguki. Anayeanguka ni mwingine, aliyevikwa nguo zake, ambaye kamera huukwepa uso wake kwa makusudi.

Mwalimu mkuu wa kazi hiyo alikuwa Mmarekani Yakima Canutt, aliyezaliwa mwaka 1895. Alianza kwa kupanda farasi wakali mashindanoni, akawa bingwa, ndipo akaingia katika sinema. Katika Stagecoach ya mwaka 1939 alijiachia chini katikati ya farasi waliokuwa mbioni, nao pamoja na gari wakapita juu yake. Watazamaji waliona ushujaa. Hawakuona vipimo. Canutt huyo ndiye aliyebuni kikuku cha farasi kilicho wazi upande mmoja, ili mguu wa mpandaji anayeanguka usinase akaburutwa. Katika Ben-Hur ya mwaka 1959, mwanawe Joe alirushwa kutoka katika gari la farasi, akapata jeraha la kidevu tu. Oscar ya heshima aliyopewa baba ilitaja pia vifaa vyake vya usalama.

Canutt alifariki mwaka 1986 akiwa mzee. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, Dar Robinson, mrukaji hodari kuliko wengi, alifariki huko Arizona akiendesha pikipiki. Tendo lenyewe lilihesabiwa kuwa jepesi, na wauguzi walikwisha kuruhusiwa kuondoka.

Filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo (1992), ni ya kuchekesha, wala si ya mapigano. Kwa mapigano hapana budi kwenda Wakaliga, Kampala, ambako Isaac Nabwana, aliyepata kuwa mfyatua matofali, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Bunduki zao ni za vyuma chakavu. Damu ilikuwa ya ng'ombe, mpaka mchezaji mmoja alipougua kwa ajili yake. Tangu hapo hutumika rangi ya chakula. Bidii hiyo yastahili sifa, lakini ugonjwa ule ungeweza kuepukwa.

Askari aliyefunzwa kutua kwa mwavuli ataelewa upesi: mwili hufundishwa kuanguka, siku baada ya siku, kutoka kimo kidogo kwanza. Kijana mwenye hamu ya kazi hii na aanzie katika judo na sarakasi, chini ya mwalimu, si ukutani. Na siku atakapoitwa kazini, wazazi waulize mambo mawili kabla ya kuuliza mshahara: bima imelipwa na nani, na gari la wagonjwa litaondoka saa ngapi.

Mwaka 2025 watoaji wa Oscar walitangaza zawadi maalumu ya kazi hii, kwa filamu zitakazotoka kuanzia mwaka 2027. Itatolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2028, zaidi ya miaka 40 tangu Canutt afariki.