Studio za nyumbani zisiwanyime majirani usingizi

Siku hizi kompyuta moja, spika mbili na programu ya kuchanganya muziki vinatosha kugeuza chumba kuwa studio. Vijana wetu wengi, wakiwemo waliorejea nchini na midundo waliyokulia nayo Kongo, Tanzania na Uganda, wanajipatia riziki kwa njia hiyo. Tunawapongeza.

Hata hivyo, nyuma ya ukuta amelala mama anayepaswa kuamka alfajiri awahi mpakani na kapu lake la nyanya. Asipolala, atakosea kuhesabu chenji, na hasara ni yake peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele za mfululizo chumbani wakati wa usiku zisizidi desibeli 30. Huo ni mnong'ono tu.

Wengi wakishabandika trei za mayai au sponji ukutani hudhani kazi imekwisha. Wanajidanganya. Vitu hivyo hupunguza mwangwi ndani ya chumba, havizuii sauti kutoka. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba mianya: ukuta wa matofali, mlango mzito, na kuziba ile nafasi inayoachwa kati ya ukuta na mabati. Hata hapo besi hupita kwenye sakafu na kuta. Kwa hiyo spika isigusane na ukuta wa jirani.

Dawa isiyo na gharama ni kupunguza sauti. Fundi achanganye kwa kiwango ambacho watu wawili wanaweza kuongea bila kupaza sauti. Atalinda pia masikio yake, ambayo ndiyo mtaji wake. Ni kweli kwamba sauti ikiwa ndogo sikio hupokea besi kwa uchache. Basi besi ipimwe mchana, kwa dakika chache, majirani wakiwa wamearifiwa. Usiku zitumike spika za masikioni.

Nao majirani wasikimbilie polisi kabla ya kubisha hodi. Viongozi wa mitaa wawakutanishe, wakubaliane saa za kazi na saa za kulala.

Aliyeishi ugenini anajua kwamba jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Wimbo ukitoka, wa kwanza kuusifu awe jirani huyo, si wa kwanza kuulaani.