Akili ya Mzee Haistaafu

Wengi wetu wa Visiwani tunaijua Dodoma kwa vikao. Tunavuka bahari, tunapanda gari Dar es Salaam, tunaipita Morogoro na Gairo, na tukifika tunaingia ukumbini. Kikao kikiisha tunarudi kwa njia ile ile. Nchi ya Ugogo, na mibuyu yake na vumbi lake na watu wake, tunaitazama kupitia kioo cha gari. Safari moja tuliiacha barabara kuu pale Mbande tukashika njia ya Kongwa, na huko tukajifunza jambo ambalo hakuna kikao kilichowahi kutufundisha.

Katika kijiji kimoja tulikaribishwa na bibi mwenye umri upatao miaka 80. Alipoambiwa kuwa wageni wake ni watu wa Chama, alimtuma mjukuu wake ndani alete sanduku. Chini kabisa, chini ya kanga, palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne: cheti chake cha kisomo cha watu wazima. "Nilisoma jioni baada ya shamba, mtoto mgongoni," alituambia kwa fahari. Tulimwomba atusomee jina lake. Akacheka, akatugeuzia uso, nasi tukaona kuwa macho yake yamekwisha.

Mjukuu alitusindikiza hadi garini. Alitueleza kuwa tangu bibi aache kuona ameacha pia kwenda mkutanoni, ibadani na kwa majirani. Hukaa mlangoni kutwa, na siku hizi huuliza neno moja mara tatu. Baadhi ya watu husema ni uzee tu. Wengine husema mengine, yasiyofaa kuandikwa gazetini.

Je, ni uzee tu? Sisi tunasema sivyo, na tunaomba ndugu zetu wananchi, pamoja na wakubwa wa Serikali wa pande zote mbili za Muungano, watusikilize.

Kwa muda mrefu binadamu aliamini kuwa ubongo hukua utotoni, husimama ujanani na baada ya hapo kazi yake ni kuchakaa. Elimu ya leo imeikanusha imani hiyo. Ni kweli kwamba mtu akizeeka hukumbuka polepole zaidi, lakini ubongo hauachi kujenga njia mpya kila unapopewa kazi mpya. Utafiti uliotangazwa mwaka 2000 uliwahusu madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni. Picha za ubongo wao zilionyesha kuwa upande wa nyuma wa kiungo kinachohifadhi kumbukumbu za njia ni mkubwa kuliko wa watu wengine, na ulikuwa mkubwa zaidi kwa waliodumu kazini miaka mingi. Nao walikuwa watu wazima, si watoto wa shule.

Maradhi ya usahaulifu, yale yanayomfanya mzee apotee njia ya nyumbani kwake au asimtambue mwanawe, ni jambo lingine. Hayo ni maradhi kama yalivyo maradhi ya moyo. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 duniani walikuwa nayo, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Asidhani mtu kuwa ni maradhi ya Wazungu. Uchunguzi uliofanywa katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2013, ulikuta kuwa katika kila wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, wapatao 6 walikuwa nayo.

Lakini ipo habari njema. Mwaka 2024 jopo la mabingwa lililoandika katika jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya maradhi haya. Yapo yale yaliyozoeleka: shinikizo la damu, kisukari, unene, mafuta mabaya katika damu, tumbaku, ulevi na kukaa bila kuutumikisha mwili. Kuna kuumia kichwa, huzuni nzito na hewa chafu. Halafu kuna manne ambayo tunawaomba wasomaji wayatie moyoni: kukosa elimu, upweke, kutosikia na kutoona. Mabingwa hao wanakadiria kuwa kama yote 14 yangeondolewa, karibu nusu ya maradhi haya duniani yangezuilika au yangechelewa.

Sasa turudi mlangoni kwa bibi yetu wa Kongwa. Elimu aliipata. Macho yalipokwenda, barua zikaondoka. Barua zilipoondoka, watu nao wakaondoka. Na watu walipoondoka, akili ikabaki bila kazi. Hapa hapakutokea ajali moja. Mlango mmoja ulifungwa ukafunga mingine, na kila mmoja ungaliweza kuzuiwa usifungwe.

Tuanze na elimu. Wakati wa hesabu ya watu ya mwaka 1967, karibu watu wazima 7 katika kila 10 wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa chini ya miembe, makanisani, misikitini na katika maghala ya pamba. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana, na waliyoyajadili wakayatenda kwa kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Ilipofika mwaka 1986, takwimu za Serikali zilionyesha kuwa wasiojua kusoma wamepungua hadi chini ya 10 katika kila 100.

Wakati ule tulisema kuwa tunapigana na ujinga. Kumbe, bila kujua, tulikuwa pia tunajenga ngao ya ubongo wa wazee wa leo, maana mama aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 30 ndiye bibi wa miaka 80 sasa. Lakini baada ya miaka ile vita ilipoa. Madarasa mengi yakafungwa, magazeti ya vijijini yakatoweka, na aliyesoma akakosa cha kusoma. Jembe lisilolimiwa hushika kutu.

Tuje kwenye macho. Uwanda wa kati una vumbi jingi, mifugo mingi, nzi wengi na maji machache. Hayo ndiyo mazingira ya trakoma, maradhi ya vikope. Mtoto huambukizwa akiwa mdogo, mama anayemlea huambukizwa tena na tena, na baada ya miaka mingi ngozi ya ndani ya kope hukunjamana, nywele zikageukia ndani na kulikwaruza jicho kila anapopepesa. Ndiyo maana wanawake huathirika kuliko wanaume. Kongwa imejulikana duniani kwa utafiti wa maradhi haya. Uchunguzi mmoja wa huko, uliotangazwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa watoto waliodumu na nyuso safi walipungukiwa na trakoma kali. Dawa ipo, upasuaji mdogo wa kope upo, na kunawa uso hakuhitaji bomba la maji. Mtoto anayenawa uso leo Kongwa ni mzee atakayesoma kesho.

Wasomaji wa Unguja na Pemba wasiseme kuwa hayo ni ya Bara. Mtoto wa jicho hana Muungano wala mipaka, na aliyepita miaka 40 anajua jinsi msahafu au gazeti linavyozidi kusogezwa mbali na uso hadi mkono unakwisha. Miwani ya kusomea ni kitu kidogo. Kwa mzee aliyezoea kusoma juzuu yake kila alfajiri, kuikosa miwani ni kufungiwa chuo.

Nao watumishi wa Serikali wasidhani kuwa hatari hii ni ya mwanakijiji. Bibi wa Ugogo ametembea na kulima maisha yake yote. Mtumishi hukaa kitini, hubebwa na gari, hunywa chai ya sukari kila kikao, na kwa sheria hustaafu akiwa na miaka 60. Kesho yake hana faili, hana mkutano wala anayemuuliza neno. Tumewaona wakubwa waliotisha ofisini wakidhoofu akili kwa miaka michache barazani. Kustaafu ni kuacha ajira, si kuacha kufikiri. Mwalimu aliuacha urais mwaka 1985. Mwaka 1996, akiwa amepita miaka 70, zilitolewa tenzi zake za Biblia, kazi ya mizani na vina ambayo ingemchosha kijana. Na hapa Unguja Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliimba jukwaani hadi ukongweni kabisa.

Vyombo vya kuinoa akili tunavyo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji hodari huhesabu mtaji kabla mkono haujagusa kete. Hatusemi kuwa bao ni dawa ya maradhi. Tunasema kuwa mzee anayecheza bao anahesabu, anabishana, anacheka na yuko na watu. Hivyo hivyo darasa la Kurani, kwaya, ngoma na kumfundisha mjukuu hadithi. Tulipokuwa chuoni walimu wetu walisema kuwa elimu hutafutwa tangu mlezini hadi kaburini. Mabingwa wa leo hawajasema zaidi ya hapo.

Basi nini kifanyike? Zanzibar ilianzisha pensheni jamii mwaka 2016 kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikaongezwa hadi 50,000. Ni jambo la kujivunia. Tunashauri kuwa mzee anapokuja kuchukua haki yake, apimwe hapo hapo macho, masikio, shinikizo la damu na sukari. Bara nako, wazee wapimwe vivyo hivyo katika zahanati za vijiji. Pili, kila kijiji na kila shehia ifufue darasa la watu wazima, na wazee waingie humo wakiwa wanafunzi na walimu pia. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, bado ipo, ipewe nyenzo. Tatu, mzee anayesahau apelekwe kwa mganga wa hospitali, wala asinyooshewe kidole cha uchawi. Katika nchi yetu kidole hicho kimeua.

Mwaka 1962 Mwalimu alituandikia kijitabu akakiita Tujisahihishe. Nasi wa Chama tujisahihishe. Siku ya mkutano tunawaketisha wazee safu ya mbele, tunawapigia makofi, tunawagawia kanga, kisha tunawasahau hadi mkutano mwingine. Hatuwaulizi wanasoma nini wala wanaona mpaka wapi.

Tulipoagana, bibi alikikunja cheti chake mara nne kwa kupapasa mikunjo, asikosee hata mmoja. Vidole vilikuwa bado vinakumbuka. Taifa lililompa cheti kile lina deni la kumrudishia macho ya kukisomea, na deni hilo haliwezi kungoja kikao kijacho.