Tangazo Lako Nalo Linapigwa Msasa



Tuseme ni Jumatano usiku. Nyinyi vijana watano wa mtaa mmechangishana shilingi elfu tatu. Jumamosi mawakili wawili wanakuja kutoa msaada wa bure kwa waliokwama kupata vitambulisho. Mmetengeneza picha, mmeandika maneno, mmelipa, mmebofya. Tangazo likasema: linakaguliwa. Alhamisi asubuhi, linakaguliwa. Alhamisi jioni mmoja wenu akabadilisha picha, mwingine akaongeza sentensi. Ijumaa baada ya sala, bado linakaguliwa. Jumamosi saa nne mawakili wamekaa wanatazamana na viti vitupu. Jioni ile simu inalia: hongera, tangazo lenu limekubaliwa.

Limekubaliwa la nini sasa?

Najua kitakachofuata. Mmoja atasema, "Hawa watu wanatuchukia, basi." Mwingine atasema, "Achana nayo, mwenye nguvu mpishe." Mimi nasema hao wote wawili wameishia pale pale: hakuna aliyejua tangazo lilikwama kwa nini, na Jumamosi ijayo watakwama tena.

Jamii yetu inajua sana maana ya kupigwa msasa. Kwa miaka mingi kijana wa Garissa, Wajir au Mandera alipoenda kuomba kitambulisho aliulizwa mambo ambayo mwenzake wa mji mwingine hakuulizwa. Karatasi za babu ziko wapi? Mzee gani anakujua? Rudi wiki ijayo. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba msasa huo wa ziada umefutwa. Lakini hatukufika hapo kwa kunung'unika barazani peke yake. Kuna watu walikusanya karatasi, wakaandika malalamiko, wakaenda kortini, wakarudi tena na tena.

Tangazo la Facebook au Instagram nalo lina msasa wake. Maswali ya kuuliza ni yale yale: nani anakagua, kwa kipimo gani, kwa muda gani, na ukikataliwa unaenda wapi? Tofauti ni kwamba hapa afisa wa kwanza unayekutana naye ni mashine.

Basi tuanze na sisi wenyewe, manake mengi yanayotukwamisha yako mikononi mwetu.

Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, inasema ukaguzi mwingi unafanywa na mitambo na kwa kawaida unamalizika ndani ya saa 24, ingawa mwingine huchukua muda zaidi. Kwa hivyo ukilipa Jumatano kwa jambo la Jumamosi, umejiachia nafasi ndogo mno. Lipeleke tangazo siku tano au wiki moja mapema. Unaweza kulipangia siku ya kuanza kuonekana, likakaguliwa mapema huku pesa yako haijaanza kuliwa. Saa 24 zikipita si mwisho wa dunia. Ni mwisho wa dunia tu kama hukujiachia nafasi.

La pili, acha kulichokonoa. Ukibadilisha maneno, picha, kiungo au watu unaotaka walione, ukaguzi unaanza upya. Ni kama umesimama foleni ya Huduma Centre tangu alfajiri, umebakisha watu watatu, halafu unatoka kwenda kubadilisha shati na kurudi nyuma ya mstari. Wale vijana wetu wa Alhamisi jioni walitoka kwenye foleni mara mbili. Kubadilisha kiwango cha pesa au ratiba hakukurudishi nyuma. Ila maneno na picha, viangalieni nyinyi wote kabla ya kubofya, kisha mwachieni mtu mmoja tu mamlaka ya kugusa. Vile vile, usilifute na kulitengeneza upya kila baada ya saa mbili. Kila jipya linaanza mwanzo.

La tatu linawanasa vijana wengi wa Kiislamu bila kujua. Sheria za matangazo za Meta zinakataza tangazo linalomwambia msomaji kwamba linajua dini yake, kabila lake, ugonjwa wake au hali yake ya pesa. "Wewe kijana Muislamu uliyenyimwa kitambulisho, njoo!" Kwetu haya ni maneno ya mapenzi kabisa. Kwa mashine, umemnyooshea mtu kidole kwa dini yake. Andika jambo, usimtaje msomaji: "Msaada wa kisheria wa bure kuhusu vitambulisho, Jumamosi saa nne." Aliyenyimwa atajijua mwenyewe. Na usihangaike kutafuta kitufe cha kuchagua Waislamu. Tangu Januari 2022 Meta iliondoa uwezo wa kulenga watu kwa mambo yanayohusu dini yao. Lenga mahali: Majengo, Eastleigh, Garissa, Kisauni.

La nne, ukurasa unaofunguka mtu akibofya nao unakaguliwa. Kama kiungo kimekufa, au tangazo linasema msaada wa kisheria na ukurasa unauza manukato, hapo usimlaumu mtu.

La tano ni siasa, na hapa kaa chini tuongee. Facebook ina kundi maalum la matangazo ya masuala ya kijamii, uchaguzi na siasa. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, Meta ilieleza kwamba anayetaka kulipia tangazo la kisiasa Kenya lazima athibitishe yeye ni nani, na tangazo lenyewe lioneshe nani amelilipia. Matangazo hayo yanawekwa kwenye maktaba ya wazi kwa miaka saba. Tangazo la kuhimiza watu wajiandikishe kupiga kura linaweza kuingia kundi hilo hata kama hamumpigii debe mgombea yeyote.

Kuthibitisha kunataka kitambulisho cha serikali na akaunti yenye ulinzi wa hatua mbili. Umeona kejeli yake? Kijana anayetaka kutangaza msaada kwa wasio na vitambulisho anaombwa kitambulisho kwanza. Kama yeye mwenyewe ni mmoja wa waliokwama, mlango huo umefungwa. Ndiyo maana kikundi chenu kinahitaji mtu mwenye kitambulisho, mwaminifu, akamilishe uthibitisho sasa hivi wakati hakuna haraka. Uchaguzi ni Agosti 2027. Ukisubiri Julai, utakuwa kwenye foleni moja na kila mwanasiasa wa nchi hii. Na usikimbilie TikTok ukidhani ni njia ya mkato, TikTok haikubali matangazo ya kisiasa ya kulipiwa kabisa, na imekuwa hivyo tangu 2019.

Haya, tuseme umefanya yote hayo. Umewahi mapema, maneno yako ni safi, utambulisho wako umethibitishwa. Na bado limekwama, au limekataliwa. Je, ni haki sasa kuuliza kama msasa wenyewe una kasoro?

Ni haki, na tuna ushahidi kutoka hapa hapa nyumbani. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, mashirika ya Global Witness na Foxglove yalijaribu mitambo ya Facebook. Yaliwasilisha matangazo ya uchochezi wa kikabila, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, yenye wito wa kuua, kubaka na kuchinja. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Ya Kiingereza yalirudishwa kwanza, na sababu iliyotolewa ilihusu sarufi na lugha chafu. Yaliporekebishwa kidogo, nayo yakakubaliwa. Wenyewe waliyaondoa kabla hayajaonekana na mtu. Tume ya NCIC ikaipa Facebook siku saba ijirekebishe.

Soma hapo tena polepole. Mtambo ulisahihisha sarufi ya wito wa kuchinja watu.

Kwa hivyo mtu akikwambia tangazo lako la mawakili limechelewa kwa sababu ukaguzi ni mkali na makini, mkumbushe Julai 2022. Ungo huo unaweza kupitisha mawe na kuzuia mchele. Sisemi hivyo kwa chuki. Nasema kwa sababu waliotengeneza ungo wanatakiwa kuujaribu kwa lugha tunazoongea sisi.

Kuna upande wa pili pia. Mwaka 2022 kampuni ya BSR, iliyopewa kazi na Meta yenyewe, ilichunguza yaliyotokea wakati wa vita vya Mei 2021 kule Palestina na Israeli. Ilikuta kwamba maandishi ya Kiarabu yaliondolewa kupita kiasi kuliko ya Kiebrania. Na Machi 2024 Bodi ya Usimamizi ya Meta ilipendekeza kampuni iache kuondoa neno la Kiarabu "shaheed" kwa jumla jumla, manake lina maana nyingi na wengi wanaolitumia hawasifii ghasia.

Sasa sisi watu wa Kiswahili tunaelewa jambo hili bila kufundishwa. Kwetu shahidi ni yule anayeitwa kortini kusema alichokiona. Shahada ni karatasi ya chuo kikuu unayoizungusha mjini ukitafuta kazi. Neno halina hatia mpaka ulisome na wenzake. Mashine inayolitoa neno kwenye sentensi na kulihukumu peke yake haijasoma chochote. Na hili ndilo tunalodai: mtu anayejua lugha aangalie, sababu ieleweke, na majibu yaje kabla ya Jumamosi kupita.

Lakini dai lisilo na ushahidi ni kelele. Kwa hivyo kila tangazo likikwama, fanyeni hivi. Pigeni skrinshoti yenye tarehe na saa. Andikeni namba ya tangazo, maneno yake kamili, saa mlipolipeleka na saa mlipojibiwa. Likikataliwa, someni sababu mliyopewa mpaka mwisho. Kama kosa ni lenu, rekebisheni. Kama si lenu, ombeni likaguliwe upya kupitia njia ya kampuni yenyewe, na elezeni kwa adabu na kwa ufupi. Baada ya miezi sita daftari hilo litasema mambo ambayo hasira haiwezi kusema. Litaonesha kama ni bahati mbaya, kama ni makosa yenu, au kama kuna neno fulani linazuiwa kila mara. Kenya tayari ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kifungu chake cha 35 kinatambua haki ya mtu asitolewe uamuzi mzito na mashine peke yake pale data yake binafsi inapochakatwa. Msingi wa kusimamia upo. Mwenye daftari ndiye atakayeweza kusimama juu yake.

Na kuna mambo mawili usiyafanye hata ukiwa umekasirika vipi.

Usijaribu kuidanganya mashine kwa kuandika maneno kwa namba na alama, au kuficha kiungo. Hilo linahesabiwa kuwa ni kukwepa ukaguzi, na linaweza kufungisha akaunti nzima. Unapoteza tangazo moja, halafu unapoteza na ukurasa mliojenga kwa miaka. Na baada ya hapo hata malalamiko yako ya haki hayana uzito.

La pili, mtu akikufuata kwenye simu akisema ana jamaa yake ndani ya kampuni, mtumie pesa kwa M-Pesa na umpe neno la siri akufungulie tangazo, mkatalie. Kwetu tunawajua hawa. Ni wale wale waliokuwa nje ya ofisi ya vitambulisho wakisema wanamjua afisa.

Mwisho, nirudi kwa wale mawakili na viti vyao vitupu. Kosa kubwa la vijana wetu halikuwa picha wala sentensi iliyoongezwa. Kosa lilikuwa kuweka Jumamosi nzima mikononi mwa mlango mmoja, na ufunguo wa mlango huo hawana. Kabla mitandao haijaja, watu wetu walijuaje kuna maziko, kuna harusi, kuna mkutano? Imamu anatangaza baada ya sala ya Ijumaa. Mama anaambia kikundi chake cha chama. Bango linabandikwa steji na kwenye duka la unga. Redio zetu, Radio Rahma kule Mombasa na Iqra FM Nairobi, zinasikika mpaka jikoni. Na kila mmoja wenu ana makundi kumi ya WhatsApp ambayo leo yanajadili mpira. Bibi anayetafutia mjukuu wake kitambulisho pengine hana Facebook kabisa. Tangazo la kulipia liwe mkono mmoja kati ya mikono mitano.

Kwa hivyo wiki hii, kabla hamjawa na haraka yoyote, kaeni nusu saa tu. Chagueni mtu wa kuthibitisha utambulisho. Chagueni mtu mmoja wa kugusa matangazo. Fungueni daftari. Andikeni orodha ya misikiti, redio na makundi mtakayoyafikia hata kama mtandao umekataa.

Halafu mawakili wakija Jumamosi nyingine, tangazo liwe limepita au bado linakaguliwa, viti visiwe vitupu.