Ampli ya mfukoni: tuinunue, lakini ile kubwa tusiiuze

Wandugu wa Kalima, wa Kailo, wa Punia, na ninyi wamama mnaosomewa gazeti jioni nyumbani, leo sitaongea juu ya bei ya kasiterite. Niko na neno juu ya gita.

Mtoto wa dada yangu anachimbaka pande za Kalima. Yeye na wenzake sita wana orkestra yao: solo, mi-solo, akompanyema, bas, mpiga ngoma mmoja na waimbaji wawili. Wanapiga kwa ndoa, kwa matanga, na siku ya mapumziko pale karie. Ampli wanayotumia ni yangu, ya transista, ya zamani, karibu kilo 30. Mwezi uliopita alivuka Lualaba kwa pirogi kutoka Alunguli, akaja kwangu Kasuku na kisanduku ndani ya mfuko wa koti. Akaniambia: «Mjomba, hii ndiyo ampli sasa. Ile yako ni mzigo. Tuiuze, tununue vingine viwili kama hiki.»

Kisanduku kile walikinunua na pesa ya likelemba, kikaletwa na ndege toka Kinshasa. Nilimwomba aniachie majuma mawili nikisikilize kwanza. Marke yake sitaitaja, sitaki mtu aseme nimelipwa.

Kwa macho ni kitu cha kuchekesha. Kinaenea katika kiganja, kioo chake ni kidogo kuliko cha telefone ya bei rahisi, na kina vifungo vinne vya kuzungusha. Upande mmoja unachomeka gita, upande wa pili unachomeka ekuteri ao sono. Ndani kuna kichwa cha kompyuta: kinapima mtetemo wa nyuzi mara zaidi ya 44 000 kwa sekunde moja, kinaugeuza kuwa namba, kisha kinapiga hesabu ya namna ampli fulani, na bafle fulani, na mikro iliyowekwa mbele yake, vingeibadilisha sauti ile. Mwisho namba zinarudi kuwa sauti. Yote inakwisha kabla sikio halijatambua kwamba kuna kuchelewa.

Si uchawi wa jana. Kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa POD yake mwaka 1998, nyekundu, umbo kama punje ya haragi. Wajerumani wa Kemper walitoa yao mwaka 2011, ile inayoweza kunakili sauti ya ampli yenyewe iliyo mbele yako. Hizo zilikuwa za watu wa studio. Kipya ni kwamba siku hizi viwanda vya China vinatoa vidogo ambavyo kijana wa karie anaweza kuvifikia, kama anajinyima.

Usiku wa kwanza nilikaa kitandani, ekuteri masikioni, gita mapajani, mama watoto amelala pembeni. Nilipiga mpaka saa saba ya usiku na hakuna aliyeamka. Hapo ndipo nilielewa kitu. Mtoto wa mchimbaji anaishi katika nyumba ya mbao, jirani yake anaamka saa kumi ya alfajiri kwenda shimoni. Atajifunza gita saa ngapi? Mchana yuko kazini, usiku kelele zinaleta ugomvi. Mimi mwenyewe nilijifunza nikipiga gita ya umeme bila ampli, sikio nimelibandika juu ya ubao wake, na mpaka leo mkono wangu wa kuume unapiga kwa nguvu mno juu ya ile. Na hiki kisanduku unakiunganisha na telefone, unapiga pamoja na Docteur Nico ndani ya masikio yako, unarudia sehemu ileile mara hamsini, hakuna anayekuchoka. Ila ekuteri ziwe za waya. Zile zisizo na waya zinachelewesha sauti, kidole kinapiga sasa, sikio linasikia kisha. Utafikiri umelewa.

Halafu umeme. Wote tunajua namna moto unavyokuja na kwenda hapa Kindu, na kwa karie nyingi hakuna hata nguzo. Kisanduku hiki hakili hata wati 5. Pawabanki ya kuchaji telefone inakiendesha jioni nzima, na panneau ndogo ya jua inaijaza tena kesho yake. Ampli yangu haiamki bila grupu, na grupu haiamki bila esanse. Pale mtoto wa dada yangu ana haki kabisa, sina la kumjibu.

Lakini sauti sasa. Kinajisifu kwamba kina ampli zaidi ya mia ndani. Nimezipitia zote, moja kwa moja, na daftari mkononi. Nyingi ni za kupiga rock: sauti iliyochafuliwa, inakwaruza, inanguruma kama kamyo iliyokwama kwa matope. Namba ya kwanza kabisa, ile inayofunguka ukiwasha, ni ya namna hiyo. Nilikipeleka kwa mazoezi ya koro, nikasahau kubadilisha, nikapiga akodi moja. Wamama wa soprano waliruka! Mmoja aliniuliza kama kuna kitu kimepasuka.

Wale waliokitengeneza hawakutuwaza sisi, na siwalaumu, kila mtu anapika kwa mdomo wake. Ila tujue sikio letu linatafuta nini. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jean-Bosco Mwenda pale Jadotville, Likasi ya leo, mji wa migodi kama yetu, akamrekodi na gita ya mbao tu, bila waya wowote. Kila uzi unasikika peke yake. Baadaye Franco na Docteur Nico walichomeka umeme, lakini kitu hicho hawakukitupa: katika sebene masikio yanafuata uzi kwa uzi, solo inaulizana na mi-solo, na akompanyema inashikilia chini. Ukichafua sauti, gita tatu zinakuwa uji.

Kwa hiyo katika ile mia nimebaki na nne ao tano. Nzuri kuliko zote ni mwigo wa Jazz Chorus, ampli ambayo Roland wa Japani walitoa mwaka 1975. Ile yenyewe ina kilo 28, zaidi ya nusu ya gunia lenu la madini, na hapa imekaa ndani ya kiganja. Mwenye kukipata kisanduku afanye hivi: kifungo cha «gain» akirudishe chini karibu na mwanzo, aongeze kompresa kidogo (si ile ya kupeleka hewa shimoni, hii inasawazisha nguvu ya vidole), korasi kidogo, na mwangwi wa theluthi ya sekunde kwa solo tu, akompanyema hapana. Kisha aandike ile sauti katika namba ya kwanza, ile ya kuogopesha wamama ifutike.

Juma la pili nikafanya jaribio ambalo lilikuwa la lazima. Kulikuwa na ndoa huku Mikelenge, uwanjani, watu wengi. Nilichomeka kisanduku kwa sono ya kukodi, bafle mbili za kuongelea, zile za hotuba. Sauti niliyoipenda kitandani haikuwepo tena. Ilitoka nyembamba, kama mbu ndani ya kopo. Wachezaji walibaki wamekaa. Na si kosa la kisanduku, ni lazima niseme ukweli: chenyewe hakina bafle. Kinatoa mwigo wa ampli na wa bafle yake, kinategemea sono nzuri iweze kuutoa vilevile ulivyo. Huko kinakotoka, kila jumba la muziki lina sono ya namna hiyo. Kwetu, sono nzuri ya kukodi inakula pesa yote ya usiku mmoja, na huko karie haipo kabisa.

Nikarudi nyumbani, nikaleta ampli yangu, nikachomeka kisanduku nyuma yake. Mwanzo sauti ilikuwa nzito, imefunikwa na blanketi. Kumbe bafle mbili zilikuwa zinapigana, ile ya mwigo na ile ya kweli. Ndani ya kisanduku kuna mahali pa kuzima mwigo wa bafle, watu wengi hawapajui. Nilipouzima, blanketi lilitoka, na watu wakasimama. Tulipiga mpaka esanse ikaisha.

Ndiyo maana ninasema ampli kubwa isiuzwe. Na kuna sababu ya pili, ambayo ninyi wachimbaji mtaielewa kuliko mtu mwingine.

Ampli yangu imekufa mara tatu. Mara tatu fundi wa sokoni ameifungua, ameona kipande kilichoungua, ameng'oa kingine kwa redio mbovu, akakishika na bati ya kulehemu, ile tunaita sudire, ikaimba tena. Kisanduku hiki nilimpelekea fundi yuleyule akitazame tu. Alifungua skrubu nne, akawasha lampe, akafunga haraka. «Hapa hakuna mahali pa mkono wangu,» alisema. Vipande ni vidogo kama chembe za chumvi, na akili yote iko ndani ya kitu kimoja cheusi. Kikifa, kimekufa. Likelemba ya miezi mitatu imeenda.

Na ile sudire inayoshika chembe zote hizo ni nini? Ni jiwe lenu. Tangu Julai 2006 Ulaya ilikataza risasi katika vifaa vya elektroniki, viwanda vingi vikageukia sudire ambayo sehemu zaidi ya 95 kwa 100 ni bati tupu. Zamani bati ilikuwa karibu 60. Siwezi kusema bati ya kisanduku hiki ilitoka Kalima, hakuna tag inayofuata gunia mpaka ndani ya gita ya mtu. Lakini inaweza. Kasiterite inapanda kamyo hapa kwa bei ambayo inapangwa mbali, kule London, inashuka na kupanda bila kutuuliza, na inarudi kwa ndege ikiwa kisanduku ambacho bei yake haishuki siku kilo inaposhuka. Hiyo ni biashara, nimezoea. Ninachokataa ni kuuza kitu ambacho tunajua kukitengeneza ili kupata vitatu ambavyo hatuwezi hata kuvifungua.

Kijana atanijibu kwamba mjomba amezeeka. Inawezekana. Lakini afikiri hesabu hii: visanduku vitatu bila bafle ni watu watatu wenye ekuteri, kila mmoja anajichezea peke yake. Kisanduku kimoja na ampli moja ni ndoa inayopigwa. Pesa ya vingine viwili iende kwa bafle, ao kwa panneau kubwa yenye batri, kitu ambacho fundi wetu akikiangalia hatafunga macho.

Nimemrudishia kisanduku chake Jumapili, pamoja na daftari ya zile sauti nne. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Ampli iko kwangu bado, chini ya kitenge, na Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao wana ndoa kule Alunguli. Akija kuichukua aje na mtu wa pili wa kubeba, na esanse yake mwenyewe.